Sura ya Marehemu Kwenye Kitambaa cha Dani

Ipo Jumanne moja ya likizo ya Agosti ambayo nikiikumbuka, mwanangu, bado nageuka nyuma kuangalia nani amesimama mlangoni. Keti. Lakini usikae karibu na hiyo meza ukiwa na soda mkononi. Nimeshaona unavyoishika, na siiamini.

Najua unajiuliza: huyu ananiita mwanangu na bado amevaa sare ya shule? Ndiyo. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ndevu zangu ni tatu, zote upande mmoja. Lakini wewe uko kidato cha kwanza, na aliyekutangulia kuchapwa amekutangulia kujua. Basi sikiliza habari za ujana wangu, nilipokuwa na miaka kumi na mitano na akili chache.

Kwetu Nyamasaria kulikuwa na kitambaa cha meza ambacho sisi watoto tulikijua kama watu wanavyomjua chifu: tulikisikia, hatukukikaribia. Kilikuwa cha pamba, cheupe, cha kufunika meza ya watu wanane na kuning'inia. Ukingo wake wote ulifumwa kwa kroshia, maua madogo madogo yaliyoshikana mikono. Aliyeufuma ni Dani, nyanya yetu mzaa baba, zamani macho yake yangali mazima. Mama alikiweka kitambaa kwenye sanduku chini ya kitanda pamoja na dawa ya nondo, na hakikutoka ila kwa wageni wa aina mbili, askofu au wakwe. Askofu hajawahi kuja.

Wiki hiyo wakwe walikuwa wanakuja. Dada yangu Akinyi alikuwa amepata mtu wa Mbita, na Jumamosi wazee wa huyo mtu wangevuka na feri hadi Luanda Kotieno, kisha wapande gari mpaka kwetu, waje kusema rasmi kwamba wamemwona binti. Dani mwenyewe anaishi Luanda Kotieno, ndiko nyumbani kwetu hasa. Alikuwa amekuja Kisumu mapema kwa ajili ya kliniki ya macho, lakini sote tulijua kliniki ni kisingizio. Alitaka kuketi mezani siku mjukuu wake wa kwanza anapoombwa, mbele ya kitambaa alichokifuma kwa mikono yake. Alikuwa ameshaniambia mara tatu atakaa upande gani.

Jumanne asubuhi Mama alikitoa kitambaa sandukuni kipigwe na upepo, kipoteze harufu ya dawa. Akakitandaza juu ya viti sebuleni, akachukua mkoba aende Mamboleo, ana kibanda cha viatu pale. Alipofika mlangoni akasimama, akanitazama.

"Sijasema kitu," akasema.

"Hata mimi sijasema kitu, Mama."

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Mwanangu, mama ana pua ya tatu. Lakini aliondoka. Akinyi alikuwa mjini, Dani amejilaza chumbani kwake, na nyumba ikabaki na mimi. Nyumba ikibaki na mvulana wa miaka kumi na mitano, hata kuku wa jirani huwa wanaondoka.

Saa nane mchana akaja rafiki yangu Brayo. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Alibeba keki ndogo ya duka, soda mbili za zambarau, na mishumaa miwili mirefu, ile ya kuwasha stima ikipotea, kwa sababu eti mishumaa midogo ya keki ilikuwa imeisha dukani. Mtu anayeleta mshumaa wa kupotea stima kwenye keki mchana kweupe mtilie shaka hapo hapo. Mimi sikumtilia.

"Buda, meza yenu inakaa kama ya kantini," akasema. "Tandika hiyo kitu nyeupe nipige picha."

"Hiyo ni ya wakwe."

"Leo mimi ndio mkwe."

Nikacheka. Nikikumbuka mambo yote mabaya niliyowahi kufanya, mengi yalianza nikicheka. Tukakitandika kitambaa, tukaweka keki katikati, tukachomeka mshumaa. Keki ilikuwa ndogo, mshumaa mrefu kama nguzo ya goli. Brayo akarudi nyuma na simu, akasema "tabasamu," na mshumaa ukalala pole pole kama mlevi aliyepata ukuta. Nta yote iliyokuwa imeyeyuka juu ikamwagika kwenye kitambaa. Brayo akaruka kuushika, kiwiko chake kikapiga soda.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo shetani alipotupatia cheti. Soda tuliiwahi. Nilimwagia maji baridi pale pale, nikaweka taulo chini, nikawa nafyonza kwa tambara kavu, nafyonza bila kusugua, na ile zambarau ikahama yote. Tukajiona madaktari. Mtu akifaulu jambo dogo kwa bahati, jihadhari naye kwenye jambo linalofuata.

Ilibaki nta, bapa la ukubwa wa kiganja, gumu kama ukoko wa ugali.

"Nta inatolewa na pasi," Brayo akasema. "Nimeona shosho yangu, mzaa mama, akifanya. Unaweka karatasi juu, unapiga pasi, karatasi inakunywa nta yote."

Alikuwa karibu kabisa na ukweli. Mwanangu, mwongo kamili hakusumbui sana, utamjua kwa mbali. Mwogope aliye karibu na ukweli. Karatasi tuliyokuwa nayo ni magazeti ambayo Mama huyakunja na kuyashindilia ndani ya viatu visipoteze umbo. Nikachomoa ukurasa kwenye kiatu cha kulia, sikuuangalia. Nikaweka juu ya nta, nikaweka pasi ya moto, nikasikia nta inachemka kidogo kwa raha.

Nilipoinua gazeti, nta ilikuwa imepungua kweli. Lakini mahali pake alikuwepo mzee mmoja. Ana tai, ana miwani, upara wa heshima, na anatabasamu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na maandishi yaliyogeuka kama ya kwenye kioo, na wala hayakuhitaji kusomwa. Sote tunajua ule ukurasa wa gazeti ambapo watu wazima wanatabasamu namna hiyo, na tunajua wako wapi.

"Huyo ni nani?" Brayo akanong'ona.

Nikaligeuza gazeti. "Anazikwa Jumamosi."

Brayo akaanza kukusanya vitu vyake. "Mi sijawahi kuja hapa," akasema. "Hata hii keki siijui." Akaibeba keki asiyoijua, akaenda nayo.

Nilifanya nini? Nilifanya ule ujinga ambao kila kijana anaufanya akidhani ameuvumbua yeye. Nilikikunja kitambaa vizuri, marehemu akiwa ndani, nikakirudisha sandukuni, na dawa ya nondo juu, na gazeti nikalishindilia tena kiatuni. Mama aliporudi jioni, aliangalia viti vilivyo wazi.

"Umekirudisha wewe mwenyewe?"

"Nilikuwa nasaidia, Mama."

"Ulikuwa unasaidia," akasema, pole pole. Akanusa hewa. "Kuna harufu ya pasi."

"Ni ya jirani."

Ukimsikia mama yako anarudia maneno yako pole pole, anza kufunga virago. Mimi nilienda kulala.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Changu hakikusubiri. Jumatano asubuhi Mama alifungua sanduku akinyooshe kitambaa, na ukelele alioutoa ulimfikisha jirani wetu Mama Beryl kwenye ua akiwa na mwiko mkononi. Mama akamwambia hakuna kitu, ni panya, akafunga mlango, akageuka akiwa amebadilika sura.

"Mmeona?" akatuambia mimi na Akinyi. "Nasema panya na yeye anaangalia sanduku. Desemba aliniomba hiki kitambaa nikamnyima. Sasa wakwe wanakuja, na mtu ananitumia maiti ndani ya nyumba!"

Akinyi yeye alimshuku msichana fulani wa Mbita aliyewahi kumpenda huyo bwana wake. Mimi nilisema tusubiri labda mzee mwenyewe atajitambulisha. Nikapigwa kofi la mgongo, halikuwa la kuumiza, la kunikumbusha tu zamu yangu ya kunyamaza. Siku nzima nyumba yetu ilikuwa kama kituo cha polisi. Mama anamwangalia jirani kupitia pazia, Akinyi anakagua jumbe za mchumba wake, mimi nawaangalia wote wawili. Wanamtafuta adui Mbita na ng'ambo ya ua, kumbe adui yuko hapa mezani anamumunya mwiba wa samaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni Akinyi akakwaruza pembeni ya ile sura kwa ukucha. Akanusa.

"Mama, hii si uchawi. Hii ni nta."

Ile sura imefikaje hapo, hilo likasahaulika. Kisha macho yote, hata yangu, na hilo ndilo nalijutia zaidi, yakaelekea kwenye mlango wa chumba cha Dani. Nyumba nzima, mtu anayewasha mshumaa kila siku ni mmoja. Dani huwasha kila alfajiri akiomba.

Mama akamwita. Dani akaja akipapasa ukuta, akaketi.

"Dani, jana uliwasha mshumaa hapa sebuleni?"

"Mimi huwashia chumbani."

"Labda ulisahau."

Mwanangu, kuna maneno mazito ya kumwambia mzee, lakini hilo dogo, *labda ulisahau*, sijaona linaloshinda hilo. Halina matusi ndani yake, na mzee hana cha kulijibu.

Baba huendesha lori, alikuwa njiani karibu na Nakuru. Wakampigia, wakaweka simu kwa spika katikati ya meza.

"Mama yangu haoni vizuri," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ndiyo maana iliumiza. "Leo ni kitambaa, kesho ni pazia, kesho kutwa ni nyumba. Ijumaa apelekwe nyumbani akapumzike."

"Na Jumamosi, Baba?" Akinyi akauliza.

"Tutamtumia picha."

Mama akaenda chumbani kwa Dani, akatoka na kiberiti, akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtu mfupi hafiki. Dani ni mfupi. Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na nikaomba samaki mwingine.

Alhamisi asubuhi Dani akaniita nimsaidie kufunga begi lake.

"Nyakwara," akasema. Ndivyo anavyoniita, yaani mjukuu wangu. Kitambaa kilikuwa magotini pake, vidole vyake vinatembea juu ya sura ya yule mzee kama mtu anayemtafuta nduguye gizani. "Shika huo mkebe wa mshumaa wangu. Ndani kuna nini?"

"Mchanga, Dani."

"Wa kazi gani?"

"Wa kushika mshumaa usianguke."

"Na nta ikishuka inaenda wapi?"

"Mchangani."

"Tangu niolewe sijadondosha nta kwenye kitambaa cha mtu. Sasa nidondoshe kwenye changu? Halafu hapa pamepigwa pasi, pamelala kuliko pengine. Mimi hiyo pasi yenu hata sijui inachomekwa wapi."

"Dani, pengine ni Mama Beryl..."

"Ochieng'."

Dani haniitagi Ochieng'.

"Nimekungoja tangu jana," akasema. "Nilidhani utasema baba yako akiwa kwa simu. Nikasikia unaomba samaki."

"Si ungesema tu wewe, Dani? Mbona ulinyamaza?"

"Nikisema, wataniambia sasa nyanya anasingizia watoto. Mtu mzima akishaitwa msahaulifu, ukweli wake unapimwa kama dhahabu ya mwizi. Wewe ukitaka kuchekesha watu, chekesha, hata mimi unanichekesha. Lakini usijifiche nyuma yangu. Mimi ni mwembamba, hutaenea."

Nilicheka, halafu nikagundua nalia. Dani hakunipangusa. Alinipa begi niendelee kulifunga, na mwanangu, hakuna adhabu iliyowahi kunikaa kama kulifunga zipu lile begi.

Mama alipotoka Mamboleo jioni hiyo nilimkuta bado yuko mlangoni. "Mama, kile kitambaa ni mimi."

"Dani amekutuma?"

"Hapana! Ni mimi na Brayo, tulikuwa na keki..."

"Iko wapi hiyo keki?"

"Brayo alienda nayo."

"Eh." Akavua viatu. "Unamtetea nyanya yako. Ni vizuri, una moyo. Lakini usinidanganye."

"Huyu juzi aliapa mbele ya padre kwamba Brayo ni yatima," Akinyi akadakia kutoka jikoni. "Na mama yake Brayo alikuwa nyuma yake."

Unaona, mwanangu? Njia ya mwongo ni fupi, na siku hiyo niligundua kwamba ukitaka kugeuka urudi, nyuma wameshaifunga. Nimesema uongo mwingi ukaaminiwa, na mara moja niliposema kweli tupu, kila mtu akaitafuta hila iliyo ndani yake. Basi gari la kesho asubuhi likawa linamngoja Dani, na neno langu halikuweza kulizuia.

Nikaenda chumbani, nikatoa shati langu jeupe la shule, lile moja zuri. Nikalitandaza mezani mgongo juu. Nikaomba kiberiti kilichokuwa juu ya kabati. Mama akanipa huku akinishuku, akakunja mikono. Nikawasha mshumaa, nikamwaga nta kwenye shati langu mwenyewe, nikangoja ikauke. Nikaenda kwenye viatu, nikachomoa ule ukurasa wa Jumanne, nikautafutia upande ambao bado una watu. Pasi. Moto. Hata Dani alikuwa amesogea, sikio mbele.

Nikainua gazeti. Katikati ya mgongo wa shati langu palikuwa na mama mmoja mwenye kofia ya kanisa, anatutabasamia.

Akinyi akapiga kelele. Mama akaketi bila kuangalia kama kiti kipo.

"Ametokea nani?" Dani akauliza.

"Mama mmoja wa kofia, Dani."

"Mpe pole."

Mama alichukua kiberiti pale mezani, akakiweka kwenye viganja vya Dani kwa mikono yote miwili, akapiga magoti. "Nisamehe, Dani. Nilikushuku."

"Nimekusikia," Dani akasema. "Sasa mpigie mwanangu. Mwambie asihangaike na picha. Mimi nitakuwa ndani ya hiyo picha."

Ijumaa nzima nilikuwa mtumwa wa kitambaa, na Dani ameketi kwenye kigoda ananiongoza kwa vidole. Kwanza barafu, na barafu niliomba kwa nani? Kwa Mama Beryl, yule yule mchawi wetu, akanipa bakuli zima bila swali. Nta iliyobaki ikawa ngumu, nikaibandua kwa mgongo wa kisu. Iliyozama kwenye nyuzi tuliitoa kwa pasi ya joto kidogo, safari hii kukiwa na karatasi nyeupe tupu isiyo na mtu wala herufi, nikibadilisha kila ilipolowa. Wino wa marehemu tuliugusa kwa mafuta ya taa kwenye pamba, mbali kabisa na jiko na ule mshumaa, kisha sabuni ya kipande, kisha kitambaa kikalala juu ya nyasi juani, nakinyunyizia maji kila kikikauka. Tai ikaondoka. Miwani ikaondoka. Tabasamu lilikataa.

Jumamosi wazee wa Mbita walipofika, Dani alikuwa ameketi pale pale aliponiambia, na sahani ya ugali juu ya lile tabasamu, na mkono wake juu ya sahani. Hakuiachilia. Mzee mmoja akaivuta kidogo, Dani akairudisha. Akaivuta tena, Dani akairudisha.

"Hapa ugali unalindwa," yule mzee akamnong'oneza mwenzake, akimtazama Dani kwa jicho la shaka.

"Ndiyo nyumba ya kuoa," mwenzake akajibu. "Hawa hawatupi kitu."

Akinyi akaombwa, akakubaliwa. Mimi nilivaa sweta muhula mzima kwenye jua la Kisumu, kwa sababu yule mama wa kofia hakutoka kabisa, na jina lake sikuwahi kulijua. Nilimwombea lakini. Tulikuwa tumekaa sana pamoja.

Basi shika haya, mwanangu. Mshumaa usiuamini hata ukiwa umesimama wima. Upe sahani yenye mchanga au maji chini yake, na ukiweza tandika nailoni safi juu ya kitambaa mpaka wageni wafike. Soda, chai, mchuzi, viwahi kwa maji baridi, ufyonze usisugue. Maji ya moto hulifunga doa likakaa kama mpangaji asiyehama. Nta usiiguse ikiwa laini. Iache iwe ngumu, ibandue, halafu karatasi tupu na pasi ya upole. Gazeti lisome, usilipigie pasi. Na ukiharibu, mwite mwenye kitambaa siku hiyo hiyo, doa likiwa bichi na jina lako likiwa bado linaaminika, kwa maana doa usilolikiri halikai bila mwenyewe. Litamtafuta mtu, na kwa kawaida litampata yule asiye na nguvu ya kubisha.

Mungu akupe meza isiyokaukiwa wageni. Akupe wazee wa kuketi kwenye meza hiyo, na macho ya kuwaona wangali wapo. Ukikosea, na utakosea, akupe ulimi unaofika kabla ya lawama kumfikia mwingine. Nenda salama, mwanangu.